Si Kila Mdudu ni Adui wa Bustani



Tangu mvua zilipoanza, swali moja limekuwa likitufikia mara kwa mara baada ya Misa, hasa kutoka kwa akina mama wenye bustani za mboga nyuma ya nyumba: "Baba Paroko, ni dawa gani inayomaliza wadudu wote?" Ni swali la haki. Anayeuliza ameamka asubuhi akakuta mchicha umetobolewa, vidukari wamejaa chini ya majani ya kunde, na moyo wa mhindi umeliwa na kiwavi. Hicho ndicho chakula cha watoto wake. Hata hivyo, katika tafakari ya juma hili tunawaomba mtulize mkono kidogo kabla ya kupuliza. Dawa inayomaliza wadudu wote, kama ingepatikana, ingeimaliza na bustani pia.

Tuanze na buibui, ambaye wengi humwua kwa kumwona tu. Wataalamu hawamhesabu kuwa mdudu, kwa kuwa mdudu ana miguu sita naye ana minane. Hali mchicha wala mahindi. Windo lake ni wadudu. Kandokando ya Ziwa Viktoria yuko buibui mdogo mrukaji anayependa kuwinda mbu majike waliokwisha kushiba damu. Nani kati yetu angemfukuza mlinzi wa namna hiyo? Naye hayuko peke yake kazini. Vunjajungu huvizia windo lake akiwa ametulia juu ya jani. Yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, hula vidukari, na watoto wake huwala vilevile. Wako pia nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi, na watoto wao humla kiwavi huyo angali hai.

Wengine hawalindi, bali huzalisha. Boga lina maua ya kiume na ya kike yaliyotengana; pasipo nyuki kubeba chavua kutoka ua hadi ua, mtapata majani mengi bila maboga. Na mwembe, mti tunaouhusisha sana na Tabora na njia ya zamani ya misafara, maua yake hutembelewa na nzi wengi. Naam, nzi tunayemdharau ana mkono wake katika embe tunalolifurahia.

Njia hiyo ya misafara iliyopita hapa Kigwa ina somo jingine kwetu. Njia haibebi bidhaa peke yake. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilimfikisha funza katika pwani ya Angola. Akavuka bara pamoja na misafara, ndani ya miguu ya wapagazi, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni katika mkoa wetu huu wa Tabora ambapo dumuzi alitambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, yule anayegeuza mahindi na makopa kuwa unga ndani ya ghala. Kisha mwaka 2017 kiwavijeshi vamizi akaingia nchini, mwaka mmoja tu baada ya kuonekana Afrika Magharibi.

Wote watatu asili yao ni Amerika, kama ilivyo asili ya mahindi, muhogo na tumbaku. Kwa nini wametuumiza kiasi hiki? Sababu mojawapo ni kwamba walikuja bila maadui zao wa asili. Ndiyo maana wataalamu waliwafuata maadui hao huko huko. Mdudu adui wa dumuzi aliletwa kutoka Amerika ya Kati, akaachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Kabla ya hapo, mdudu mdogo mwenye unga mweupe, anayefyonza muhogo, alipokuwa akitishia chakula cha mamilioni ya Waafrika, Hans Rudolf Herren kutoka Uswisi na wenzake walileta nyigu mdogo kutoka Paraguai, wakaanza kumwachilia Nigeria mwaka 1981. Muhogo ukaokolewa katika nchi nyingi, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Ikiwa watu walivuka bahari kutafuta walinzi wa namna hii, sisi tunawaua kwa nini, wakati wanazaliwa bure nyuma ya nyumba zetu?

Hapa ndipo lilipo jibu kwa wale wanaolalamika kwamba wanapuliza kila juma na wadudu wanazidi. Kidukari jike huzaa bila dume, na katika muda wa juma moja hivi watoto wake nao huanza kuzaa. Walinzi wake huongezeka polepole. Sumu inayoua wote huwaacha vidukari wachache waliojificha, nao hurudi katika bustani isiyo na mlinzi. Mkulima hununua tena, na mfuko wake hupungua.

Liko jambo zito zaidi. Katika mkoa huu wa tumbaku, dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya zao la biashara huishia mara nyingine kwenye mchicha wa jioni. Tumeingia pia katika nyumba ambamo chupa iliyokuwa na sumu imeoshwa na kutiwa maji ya kunywa. Wapendwa, tunawasihi kwa moyo wa kichungaji: kuosha hakuiondoi sumu yote. Chupa hiyo itobolewe isitumike tena. Mboga isipuliziwe dawa isiyoandikwa kwa ajili ya mboga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabiwe kwa uaminifu. Mtoto anayekula mchicha ule hawezi kuyasoma maandishi ya chupa.

Hatusemi kwamba dawa isitumike kamwe. Iko siku inahitajika, na afisa ugani yupo wa kumshauri mkulima. Lakini iwe hatua ya mwisho. Mpande mapema. Mkague mahindi machanga kila baada ya siku chache, mkayaponde mayai na viwavi kwa mkono. Kuku watawapokea viwavi hao kwa furaha. Mahindi yakaushwe vizuri na kupukuchuliwa kabla ya kuhifadhiwa, kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi kwenye magunzi, kisha yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Ikilazimu kupuliza, iwe jioni, maua ya maboga yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi mzingani. Na kundi la nyuki likitua mtini, lisichomwe moto, aitwe mfugaji. Mkoa wenye asali kama yetu, na wenye Chuo cha Ufugaji Nyuki, haufai kuwachoma nyuki wake.

Maandiko Matakatifu hayawadharau viumbe hawa. Kitabu cha Mithali, sura ya 30, kinawataja chungu na nzige miongoni mwa wadogo wenye hekima. Na Bwana wetu, katika mfano wa magugu, alituonyesha watumishi wenye haraka ya kung'oa, na mwenye shamba aliyeihofia ngano yake. Hayati Papa Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba ndege na wadudu wengi wanaotoweka kwa sababu ya sumu za kilimo ni wenye manufaa kwa kilimo chenyewe. Tulikabidhiwa bustani tuilime na kuitunza, na mtunzaji mwema huwajua kwanza wale waliomo.

Basi, juma hili, kabla hamjaenda dukani, ingieni bustanini asubuhi pamoja na mtoto mmoja wa nyumbani. Geuzeni majani kumi, mtazame kwa utulivu ni nani anayekula jani, na ni nani anayemla anayekula jani. Mtoto atakayejifunza kutofautisha hao wawili atakuwa amepata elimu itakayomlinda yeye, chakula chake na watoto wake.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, na mvua hizi ziwe za mavuno. Tumsifu Yesu Kristo.