Vita Vilivyopanda Milima ya Upare

Mzee mmoja wa Mbaga, juu ya mji wa Same, anapowasimulia wajukuu habari za vita haanzi na mapigano. Huanza na jinsi watu walivyochukuliwa: nani alikuja kuwaita, alitumwa na nani, na walipewa muda gani wa kuaga.

Babu yake hakupewa muda. Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliteremka kufuata reli ya Tanga na Moshi, likapita Same huku Wajerumani wakirudi nyuma. Lilipoiacha reli na kuelekea Handeni, ndorobo waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mizigo. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mwanadamu. Tena mchukuzi naye hula: kadiri safari ilivyorefuka ndivyo posho yake ilivyoumeza mzigo wenyewe, na wengine wakatafutwa wa kumbebea chakula. Ndiyo maana pande zote mbili ziliwakamata watu vijijini kwa nguvu. Kenya ilikuwa na sheria ya kuwalazimisha tangu 1915. Upande wa Waingereza pekee walikufa wachukuzi zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Babu alirudi, lakini hakupenda kuulizwa habari za wenzake.

Vita vya Pili mzee alivishuhudia mwenyewe, akiwa mtoto. Safari hii ilikuwapo sheria ya 1940 ya utumishi wa lazima, na watawala wa kienyeji walidaiwa idadi ya vijana. Wengine walivaa sare za KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wakafika Ethiopia, Madagascar na Burma. Wengine walipelekwa mashambani, kwa kuwa Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, kamba za meli zilitegemea mkonge wa Afrika Mashariki. Mzee hulisisitiza hilo, na ana haki: mkata mkonge naye alichukuliwa na vita, ila hakupewa medali. Juu ya hayo ikaja mbiru, kodi iliyopimwa kwa kadiri ya mali ya mtu. Januari 1945 maelfu ya Wapare, Paulo Kajiru Mashambo akiwa miongoni mwa viongozi wao, walishuka hadi Same wakapiga kambi kuikataa. Mwishowe ikafutwa.

Mwana wa mzee yeye aliondoka mchana kweupe. Idi Amin wa Uganda alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Nyerere aliwaeleza wananchi sababu za kupigana, kwa Kiswahili, nao wakamsikia redioni. Makumi ya maelfu ya mgambo waliongezwa jeshini. Kijana alikuwa mgambo wa kijiji. Alipoitwa aliaga nyumba kwa nyumba, na watu wakamsindikiza hadi kwenye lori.

Sasa ni zamu ya mjukuu, bila vita. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la lazima, lililoanza 1966, lilisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Jina lake alilikuta kwenye simu, pamoja na orodha ya vifaa: bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba. Mzee alitaka asomewe yote, kisha akauliza nauli atatoa nani.