Ukingoni mwa Meru, kwa Pafu Lenye Kovu

Pafu langu la kulia lina kovu kwa juu. Daktari alinionyesha kwenye picha ya eksirei, doa jeupe ambalo halitaondoka tena. Liliachwa na kifua kikuu. Nilitibiwa kwa miezi sita, miwili ya kidonge kilichochanganywa dawa nne na minne ya kidonge cha dawa mbili, nikimeza kila asubuhi mbele ya dada yangu kama utaratibu unavyotaka, mkojo ukigeuka rangi ya chungwa kwa nguvu ya dawa. Mwishowe makohozi yalipimwa, yakakutwa safi. Nimepona.

Lakini kwetu mtu akishaugua kifua haponi machoni pa watu. Kikombe chake kinawekwa kando. Ndoo ya maji anapokonywa njiani. Shuleni ninakofundisha historia wenzangu walinipunguzia zamu za uwanjani, tena kwa upendo wa kweli, nami nikaupokea upendo ule mpaka nikawa mtu wa kujipimia pumzi. Nikipanda ngazi na kuhema, moyo unashtuka: umerudi. Nikicheka sana nikakohoa, usiku silali. Ugonjwa ulikuwa umeondoka, hofu yake ikabaki, na hofu hiyo haikuwa na kidonge.

Haya ninayoshuhudia yalinipata juu ya ukingo wa Mlima Meru, usiku, nikiwa nimekumbatia mwamba.

Nimezaliwa upande wa kusini wa mlima huo, katikati ya migomba na mibuni. Sisi wa huku tunauona Meru mzima, umechongoka vizuri, na mtu aliyekulia huku anaweza kuzeeka bila kujua kwamba upande wa pili mlima haupo. Kiasi cha miaka 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka. Mawe na tope vikamiminika mbali sana, mpaka yalipo leo maziwa ya Momella, na kilichosalia kikawa ukuta uliopinda kama kwato, wazi upande wa mashariki. Ndani ya kwato hilo volkano ikajenga upya kilima cha majivu, na mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1910. Njia ya kwenda kileleni inapanda mkono wa kaskazini wa ukuta huo, kisha inafuata ukingo wake kwa juu, ikizunguka upande wa magharibi mpaka kwenye mita 4,566. Tanzania nzima ni Kilimanjaro peke yake unaouzidi. Ukiwa juu ya ukingo, mkono wako wa kulia ni mteremko wa nje wa mlima, na mkono wa kushoto ni kreta, ukuta wa mwamba unaoshuka, pale penye kina zaidi, mita 1,500 hivi.

Kabla ya kulipa chochote nilimwona daktari. Alinipulizisha kwenye mashine, akasikiliza mgongo na kifua, akasema pafu linatosha kwa safari, ila niende taratibu, na kama pumzi itanikatika hata nikiwa nimekaa, nishuke bila ubishi.

Siku za mwanzo hazina mengi. Kutoka lango la Momella unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu nyati wa pale hawana mzaha. Msitu ni mnene, mbega wanaruka juu, ndevu za kijivu zinaning'inia matawini. Unalala kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, kesho yake unapanda hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570, na jioni unakwenda kilele jirani cha Meru Ndogo na kurudi ili mwili uzoee. Nilikuwa na kiongozi wa mlima, kijana mpole mwenye sauti ndogo, na mgumu mmoja aliyeomba aje nasi mpaka juu kwa kuwa alikuwa bado hajafika. Wapagazi wa milima yetu wanaitwa wagumu, na anayetaka kujua sababu awatazame wanavyoipanda njia ile na mitungi ya gesi kichwani.

Tuliamshwa saa saba usiku. Chai, biskuti, tochi za kichwani, nguo zote mwilini. Nje maji ya kwenye beseni yalikuwa yameganda. Tulipanda polepole mpaka Rhino Point, mahali palipopewa jina kwa ajili ya mifupa ya kifaru iliyokutwa huko juu kabisa, mbali na majani na maji. Hapo njia inashuka kidogo, halafu udongo unaisha.

"Fimbo zinaishia hapa, Mwalimu," kiongozi akasema. "Sasa ni mikono."

Akanifungia fimbo zangu kwenye begi lake. Mbele yetu mwamba ulikuwa umelala kiubavu, na njia ilikuwa nyufa na vigingi vya mawe tu, hapa pa kuweka ncha ya buti, pale pa kushika kwa vidole. Akanipa sheria moja: viungo vitatu vinashika, kimoja kinatafuta. Miguu miwili na mkono mmoja, mkono wa pili ndio unahama. Au mikono miwili na mguu mmoja. Kamwe usihamishe viwili kwa pamoja. Askari alikuwa nyuma yangu, bunduki mgongoni, mgumu nyuma yake.

Nikaanza. Jiwe lilikuwa baridi mpaka ndani ya glavu. Mahali pengine utando mwembamba wa barafu ulimetameta, nikawa naukwangua kwa buti kabla ya kuuamini. Nikigeuza kichwa kulia, tochi ilionyesha mawe na majivu. Nikigeuza kushoto haikuonyesha kitu. Mwanga ulitoka usoni kwangu ukaenda na haukugusa chochote. Upepo ulipanda kutoka huko kwenye giza, ukija kwa mafungu, na kila fungu lilipokuja nililaza shavu mwambani nikangoja lipite.

Kwa muda nilikuwa na raha ya ajabu. Akili ilikuwa imeshughulika na vidole, haikuwa na nafasi ya kitu kingine. Kisha, katikati ya jiwe refu lisilo na pa kukaa, pumzi ikakataa.

Nilivuta, haikuingia. Nikavuta tena kwa nguvu, ikaingia kidogo, kifua kikabana pale pale juu kulia, na kikohozi kikaanza. Nilikijua kikohozi kile. Kikavu, kinachotikisa mabega, kisichokuachia nafasi ya kusema. Nikarudi kwenye kitanda changu cha miezi ile, shuka limelowa jasho, dada yangu amesimama mlangoni na kitambaa mdomoni. Nikasema moyoni: umerudi, na umenikuta mahali ambapo siwezi hata kukaa chini. Miguu ikaanza kutetemeka. Mtu yeyote aliyewahi kuparamia mwamba anajua mtetemeko huo, goti linapiga lenyewe na huwezi kuliamuru.

"Nashuka," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, lakini kiongozi alisikia. Hakuniambia nisiogope. Alirudi kinyumenyume mpaka mabuti yake yakawa usawa wa mikono yangu, akainama, akanimulika.

"Tema nione." Nikatema. Akamulika mate yangu juu ya jiwe. Hayakuwa na damu wala povu. "Kichwa kinauma?" Kidogo. "Unaona vizuri? Niambie leo siku gani." Nikamwambia. "Jina la shule yako." Nikalitaja. Akanitazama midomo na kucha, akanisikiliza kidogo mgongoni, sikio lake juu ya koti. Viongozi hawa wamefundishwa kumtambua mtu ambaye mlima umemshika kweli, anayejaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, na huyo hashauriwi, anateremshwa. Aliporidhika akasema:

"Unavuta sana. Usivute. Toa kwanza. Puliza kama unawasha moto wa kuni."

Nikabana midomo nikapuliza. Hewa ilitoka kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani, kumbe kifua kilikuwa kimejaa pumzi iliyokwishatumika na mimi nilikuwa naipakia mpya juu yake. Nilipomaliza kupuliza, kifua kikafunguka chenyewe. Nikapuliza tena. Tena.

Katika kutulia huko ndipo nikasikia sauti nyingine. Mtu alikuwa anahema nyuma yangu, kwa nguvu, kama aliyekimbizwa. Alikuwa yule askari, mwanaume wa kifua kipana anayeufahamu mlima huu kama nyumbani kwake. Chini yake mgumu, kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye jiwe, mabega yakipanda na kushuka. Na kiongozi mwenyewe, aliyekuwa akinisemesha kwa utulivu, alikatisha kila sentensi katikati ili avute hewa.

Tulikuwa juu ya mita 4,000. Huko oksijeni katika hewa ni kwa fungu lile lile kama la Tanga au Mtwara, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, haisukumwi, na kileleni kila pumzi inakupa zaidi kidogo ya nusu ya unachopata ufukweni. Hilo nililijua kwa kulisoma. Sikuwa nimelijua kwa masikio. Kwa miaka nilikuwa nimehesabu kila kuhema kwangu kuwa ni kwangu peke yangu, deni la ugonjwa wangu. Pale mwambani mapafu manne yasiyo na kovu yalikuwa yanatafuta hewa pamoja na yangu, na mengine mawili ya kiongozi, na hakuna aliyeaibika.

"Twende juu," nikasema.

"Mdogo mdogo, Mwalimu."

Ikawa hivyo: puliza, hamisha mkono. Puliza, hamisha mguu. Jiwe lile refu likaisha, likaja jingine, kisha ukingo ukawa mwembamba, mawe yaliyovunjika pande zote mbili, tukapita tumeinama, viganja chini. Cobra Point, mita 4,350, tulipumzika tumekaa mgongo kwa mgongo ili upepo utupate upande mmoja mmoja. Baada ya hapo kuna majivu, hatua moja mbele na nusu yake inarudi, na vilele vya uongo, kila kimoja kinakificha kingine. Nisidanganye, sehemu hiyo ni ndefu na inavunja moyo kuliko miamba, na sina la kuisifia.

Kulipambazuka tungali tunapanda. Upande wa kushoto, ule ambao tochi haikuonyesha kitu, ukaanza kupata umbo: kwanza mstari mwekundu na Kilimanjaro mweusi umbali wa kilomita 70 hivi, halafu ukuta wa kreta, halafu chini sana kilima cha majivu, kijivu chote, kimekaa katikati ya kwato. Kaskazini mashariki nikaziona tambarare za Ngare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru huko kwa nguvu ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuidai kwa niaba yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Nimelifundisha somo hilo kwa vidato vingi. Nilitamani siku moja niwalete wanafunzi wangu hapo niwaonyeshe kwa kidole.

Sehemu ya mwisho inarudi kwenye mawe, unapanda kwa mikono tena, na ghafla kuna bendera na kibao. Kilele kinaitwa Kilele cha Ujamaa. Niliweka mkono juu ya kibao, nikalia, tukapiga picha, tukashuka, kwa maana baridi haikuruhusu maongezi.

Kushuka kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu sasa niliona. Jiwe lile refu, mchana, lilikuwa na kina chini yake ambacho usiku kilinisitiri. Kiongozi akanigeuza niutazame mwamba, akatangulia chini yangu, akawa anashika buti langu kwa mkono na kuliweka mahali pake, moja moja, akisema "hapa... hapa... tulia hapa." Nilikohoa pale pia. Nikapuliza, nikaendelea.

Tulipokuwa tunateremka kutoka Saddle, wenzetu wakitangulia, mgumu alibaki nyuma pamoja nami. Akaniuliza kama ni kweli niliwahi kuugua TB. Nikamwambia kweli. Akatembea kimya, kisha akasema mama yake anakohoa tangu masika, usiku anatokwa na jasho, nguo zimeanza kumpwaya, na hospitali hataki kwa kuwaogopa majirani.

Nikamweleza yote. Kwamba watapima makohozi. Kwamba dawa za TB hazilipiwi. Kwamba atakapoanza kujisikia nafuu, ndipo asithubutu kuziacha. Kwamba yeye kijana na wanaolala na mama chumba kimoja wapimwe pia. Akaniomba nimwambie mama mwenyewe.

Tulipofika lango la Momella tukampigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, na wewe umefika juu kweli?"

"Nimefika, mama."

Akanyamaza kidogo. Akasema Jumatatu atakwenda, ila hataki kwenda peke yake.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye benchi la kliniki, yeye, mwanawe na mimi, kikopo cha makohozi mkononi mwake.