Vikombe vya Embu na Meru

Runyenjes, Jumanne, 4 Februari 2025

Leo tumeonja kahawa ya msimu mkuu: SL28, SL34, Ruiru 11 na Batian, zote za mteremko huu wa mashariki wa Mlima Kenya. Vikombe vilifichwa majina, na ndivyo inavyofaa. Mkulima akishajua anakunywa SL28, huisifu kabla haijafika mdomoni.

Kahawa gramu 8.25, maji ya moto mililita 150. Baada ya dakika nne unavunja utando kwa kijiko, pua iko juu ya kikombe. Kisha unafyonza kwa nguvu na kwa kelele ili kahawa isambae ulimi wote. Mama mmoja wa Kyeni aliona haya, kwani si adabu mtu mzima kunywa hivyo mbele za watu. Duru ya pili alitushinda sote kwa kelele.

Kikombe cha tatu kilininyamazisha. Uchachu wa tunda damu lililoiva, utamu ukifuata nyuma polepole, na ladha haikuondoka hata nilipotema. Kumbe ni SL28.

Alhamisi, 6 Februari

SL28 ilichaguliwa Kabete, katika Scott Laboratories, miaka ya 1930, kutokana na mbuni wa Tanganyika uliosifika kwa kustahimili ukame. Miaka hiyohiyo ndipo wazee wa Embu na Meru waliporuhusiwa kupanda zao ambalo walowezi walikuwa wamejiwekea wenyewe. Naelewa kwa nini wakulima hawataki kuing'oa SL28. Lakini haina kinga dhidi ya kutu ya majani wala ugonjwa unaoozesha matunda mabichi, na dawa humaliza pesa. Ruiru 11 ya 1985 na Batian ya 2010 zilizalishwa kwa ajili hiyo.

Nkubu, Jumamosi, 8 Februari

Mzee mwenyeji wetu amepandikiza Batian juu ya visiki vya SL28. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nauza kilo. Ladha sijawahi kulipwa."

Batian yake ilikuwa safi, yenye uchachu wa ndimu na utamu wa sukari guru, na niliipa alama nyingi kuliko SL34 iliyokuwa kando yake. Ruiru 11 moja ilikuwa butu, ikinuka gunia. Cheri zake zililala usiku kucha kabla ya kumenywa. Ruiru 11 nyingine, iliyomenywa siku ileile ya kuchumwa na kuoshwa vizuri, ilipendeza. Basi tusiitukane mbegu kwa kosa la mikono.

Linaloniuma ni kwamba kiwandani zote humwagwa tangi moja. Mzee amelima kahawa maisha yake yote, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuonja ya kwake peke yake.

Kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha ushirika nitaomba mambo mawili: SL28 imenywe siku yake, na kila msimu wanachama waonje kahawa yao kabla haijapelekwa mnadani Nairobi.