Waraka Uliotungoja Tabora

Mwaka 1995 tulitoka Pangani kwenda bara kusomesha. Masheikh zetu walitutuma tukae miezi miwili au mitatu katika kila mji, tusaidie madrasa zisizo na mwalimu: Dodoma kwanza, kisha Tabora, na mwisho Ujiji. Njaa hatukuiona, maana Waislamu wa bara ni wakarimu, Mwenyezi Mungu awazidishie. Kilichotutaabisha ni nyaraka.

Katika nchi yetu barua huingia sanduku la posta, na asiye na sanduku hutumia la mwenziwe: la msikiti, la shule, la mwenye duka. Mgeni wa miezi miwili atalipata wapi? Aweza kuandikiwa jina lake na la mji, na juu yake maneno ya Kifaransa Poste Restante. Hapo posta huiweka barua mpaka mwenyewe aje na kitambulisho. Muda ukipita hurudishwa kwa mpelekaji, ikiwa ameandika anwani yake nyuma ya bahasha. Wengi hawaandiki. Ama sivyo, hupitishia barua zake sanduku la mwenyeji, na hivyo ndivyo tulivyofanya sisi, kwa kuwa mwenyeji ni ndugu, na karani hatumjui.

Baba yetu alikwisha fariki, na babu pia; ndugu yetu wa kike hakuwa na walii ila sisi. Tulipokuwa Tabora alikuja mposaji, kijana wa watu wema, na mama akatuandikia kutaka idhini. Waraka ulifika siku chache baada ya sisi kupanda gari moshi kwenda Kigoma. Mwenyeji wetu alikuwa safarini, na ufunguo wa sanduku alikuwa nao kijana wake wa dukani. Akautia waraka katika mtoto wa meza pamoja na hati za madeni. Hakukusudia ubaya. Sisi ndio tulioondoka bila kumwachia hata kipande cha karatasi chenye anwani ya mbele, na barua ya kuwaarifu nyumbani tuliiandika baada ya kutulia Ujiji, siku ya ishirini.

Baadaye tulisoma kwamba Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, aliukuta huko mfuko wa barua za Livingstone wenye tarehe 1 Novemba 1870, naye akampelekea mwenyewe Ujiji. Tulicheka, kisha kicheko kikakatika.

Pangani walingoja wiki sita. Kunyamaza kwa bikira aulizwapo ni ridhaa, lakini kunyamaza kwa walii hakuna ndiyo wala siyo. Wazee walimshauri mama kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, walii akiwa mbali, hakimu aweza kuozesha badala yake. Mama akakataa. Akasema mwanawe yu hai, na jibu lake litakuja. Watu wa mposaji wakakiona kimya chetu kuwa ni kiburi, wakaenda kuposa kwingine. Waraka tuliletewa Ujiji na abiria wa gari moshi. Tuliujibu siku ile ile, nalo jambo limekwisha kuharibika.

Tangu hapo hatukutoka mji wowote bila ya kupita posta kwanza kuomba barua zetu zitufuate, na kumwachia mwenyeji bahasha zenye stempu na anwani ya mji wa mbele. Nyumbani tuliandika kabla ya kuondoka. Jambo zito tuliliandikia nyaraka mbili, moja kwa posta na moja kwa mkono wa msafiri. Na dereva wa basi ni tarishi mwema kuliko adhaniwavyo.

Vijana watasema simu imeyamaliza hayo, na kweli imeyapunguza. Mwaka 2022 hata mitaa yetu ilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Lakini kijana abadiliye laini ya simu mji wa mbali asimwarifu mama yake, huyo ni mwenzetu sisi wa Tabora.

Ndugu yetu aliolewa miaka minne baadaye, na mume mwema, alhamdulillahi. Waraka ule tunao bado. Mwaka jana alituomba auone, kwa mara ya kwanza. Aliusoma amesimama dirishani, akaukunja kwa mikunjo yake ile ile, akaturudishia, kisha akaenda jikoni kututilia chai.