Kufyatua na Kukamua

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Naam, lakini wahenga hao hawakuwahi kukabidhiwa bastola. Kwa bastola, kidole kimoja chatosha kuvunja nyumba ya mtu, na ndicho kidole ninachotaka kukizungumzia katika kurasa hizi ambazo aghalabu huwa za mofolojia, ushairi na mustakabali wa lugha yetu. Msomaji aniwie radhi.

Wanaonifahamu darasani hunijua kama mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu arudhi. Wachache wanajua kwamba nitokapo maktabani hupanda matatu hadi Kitengela ninakoishi, na alfajiri huvaa sare nikaelekea kazini upande wa Kajiado. Mimi ni askari polisi. Jambo hili nililificha kwa muhula mzima. Nilianza masomo miezi michache baada ya Juni 2024, vijana wa rika letu walipouawa kwa risasi katika maandamano jijini Nairobi, na kila neno "polisi" lilipotajwa semina, mimi niliinamia daftari langu.

Depo nilizoea bunduki ndefu, ambayo huegemea bega na kumsamehe mpigaji makosa mengi. Bastola nilikabidhiwa baadaye, nayo haikunisamehe. Siku ya majaribio ya shabaha nilipiga risasi 10 kutoka mita 15. Zilizoigusa karatasi zilikuwa 3. Nyingine zote zilikwenda chini, upande wa kushoto, zikafukua udongo kama kuku anayetafuta wadudu. Nikailaumu silaha. Koplo mmoja, mama wa makamo mzaliwa wa pande za Namanga, alinitazama akasema, "Mchagua jembe si mkulima," kisha akaichukua magazini yangu, akanigeuzia mgongo na kuijaza yeye mwenyewe.

Sikujua kwamba katikati ya risasi halali alikuwa amechomeka risasi bandia, isiyo na baruti. Nilipiga ya kwanza, nikapiga ya pili. Kwa ya tatu, nyundo iligonga, tak, pasiwe na mlio wala moshi. Lakini mtutu ulikuwa umeinama hadi ukaelekea ardhini, mabega yangu yamejikunja, na nadhani hata jicho nilikuwa nimelifumba. Bastola haikuruka. Niliyeruka ni mimi.

Sijawahi kuaibishwa namna ile, hata siku nilipokosea vina mbele ya profesa. Nilikuwa nikidhani kishindo ndicho kinachonishtua. Kumbe nilikishtukia kabla hakijatokea, na mkono ukakimbilia kuuzuia mruko wa silaha wakati risasi bado imo ndani ya mtutu.

"Nani alikufundisha kufyatua hivyo?" akaniuliza.

"Ndilo neno lenyewe, afande. Kifyatulio hufyatuliwa."

"Basi neno lenyewe ndilo linalokuponza, mwalimu." Huniita mwalimu kwa kejeli tangu aliponikuta zamuni na kamusi. "Wewe kamua. Umewahi kumkamua ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza? Ukimvuta chuchu kwa pupa, atakupiga teke, na maziwa yatamwagika."

Sijawahi. Hata hivyo, usiku ule nililirudia neno fyatua kwa makini ya mwanafunzi wa isimu. Mtego hufyatuka. Matofali hufyatuliwa. Mtu asiyeuchunga ulimi wake husemwa kuwa amefyatuka. Kote humo mna kitu kilichobanwa kikaachiwa ghafla. Yote hayo ni kweli kwa nyundo na pini iliyomo ndani ya silaha, ila si kweli kwa kidole. Kidole hakina budi kuongeza nguvu polepole, kwa mstari mmoja, hadi nyundo iachie yenyewe na mwenye kidole ashangae kidogo. Lugha imelitaja tendo kwa jina la chombo, ikasahau kazi ya mkono.

Mazoezi yangu tangu hapo yakawa makavu, yaani bila risasi. Si ya kufanyia nyumbani Kitengela. Silaha ya kazi hurudi ghalani. Nilifanya baada ya zamu, nyuma ya ghala la silaha, mbele ya magunia ya mchanga, koplo akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Kabla ya yote, risasi zote zilibaki ndani, zikafungiwa. Kisha nilitoa magazini, nikavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, nikatazama chemba kwa jicho, nikaipapasa kwa ncha ya kidole, nikampa naye atazame. Nikiitwa pembeni hata kwa dakika moja, nikirudi ilinibidi kuanza upya. Nilimwona msumbufu. Siku hizi najua kwamba wengi waliojeruhi watu kwa silaha "tupu" waliikagua mara moja tu, au hawakuikagua kabisa. (Niongeze kwamba bastola nyingi za kisasa haziharibiki kwa kugongwa tupu mara kwa mara. Zile ndogo za risasi za pointi 22 zaweza kuharibika, kwa kuwa pini yake huenda ikagonga ukingo wa chemba.)

Wiki ya kwanza sikulenga kitu. Niliuelekeza mtutu kwenye gunia lisilo na alama yoyote, hatua moja mbele yangu, nikatazama kinundu cha mbele cha kulengea na kukamua. Pasipo shabaha, jicho halina la kukimbilia. Huona tu jinsi kinundu kinavyotetemeka. Wiki ya pili koplo alileta sarafu ya shilingi 5, akailaza juu ya mtutu karibu na kinundu kile. Nyundo igonge, sarafu isianguke. Ilianguka. Ilianguka jioni nzima, ikaanguka kesho yake, na kila mara nilipoinama kuiokota koplo alisema, "Umemwaga." Siku ya nne ilibaki juu mara 2 mfululizo. Nikafurahi, nikaharakisha, ikaanguka. Ilipofika mahali pa kubaki mara 20, aliitia sarafu mfukoni mwake na kunitaka nichomoe bastola kutoka alani, polepole kwanza, kidole kikiwa kimenyooka ubavuni mwa silaha, kisigusie kifyatulio hadi macho yamekubali. Mwisho alinikimbiza kuzunguka uwanja, nikamue huku moyo ukidunda.

Nilimuuliza kuna haja gani ya ukali wote huo. Akachora mchangani. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele cha bastola ya kawaida kuna takriban sentimita 16. Ukikitikisa cha mbele kwa milimita 1 tu, kwa umbali wa mita 15 risasi itapotoka kwa zaidi ya sentimita 9. "Na hapo mtu hakimbii," akasema, "wala nyuma yake hakuna watoto."

Nyuma yake hakuna watoto. Maneno hayo yalinirudisha Machi 2016, nilipokuwa kidato cha nne. Simba dume aliyejulikana kama Mohawk, kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alifika Isinya, umati ukakusanyika, akamjeruhi mtu mmoja, kisha akauawa kwa risasi. Tulibishana bwenini usiku kucha kuhusu nani alaumiwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kuhusu umati ule waliokuwa wamesimama nyuma ya simba.

Niliporudi uwanjani nilipata 8 kati ya 10. Zile 2 zilizokosa zilikwenda chini kushoto, kama ilivyo ada. Koplo hakunipongeza, alinidai shilingi 5 yake, ilhali alikuwa nayo.

Mwezi uliopita nililitoboa jambo hili semina. Mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, aliniuliza bila kupepesa macho, "Ndugu, unafanya mazoezi ili umlenge nani?" Nilianza kumtajia Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kwamba silaha ni ya kuokoa maisha pale njia nyepesi zimeshindwa, nikaona naisoma kama mtu anayejitetea, nikanyamaza. Nikamwonyesha mkono tu: kidole kimenyooka ubavuni, nje ya kifyatulio. Nikamwambia hapa ndipo kilipokaa muda mrefu zaidi katika mazoezi yote. Hakusema ameridhika. Mhadhiri akaturudisha kwenye ubeti tuliokuwa tukiuchambua, nami nikaanza kuhesabu mizani kwa kugonga meza, kwa kidole kilekile, yeye akinitazama.