Dada wa Njiro aliyechekwa kilimani: ule haukuwa uvivu

Ile klipu bado inazunguka kwenye magrupu ya Arusha. Mdada wa Njiro, wigi refu, taiti nyeusi ya mazoezi, anapanda kilima huku anayumba kama kalewa. Anaulizwa "vipi, umechoka?" anajibu kitu hakieleweki. Nyuma ya kamera watu wanacheka mbavu hawana. Na komenti mnazijua: mrembo kapatikana, arudi Njiro akanywe juisi, milima siyo saizi yake.

Sasa stori yenyewe iko hivi, wadau.

Walikuwa kundi la watu tisa, Jumapili moja ya Februari. Makubaliano ilikuwa kuondoka saa 12 asubuhi. Mmoja akasubiriwa, mwingine akarudi kuchukua chaja, kuja kuanza kupanda ni saa 5. Na kilima chenyewe ni cha huku chini, upande mkavu, vumbi na vichaka, mti wa kivuli unautafuta kwa tochi.

Watu wa mikoani wakisikia Arusha wanawaza baridi. Kweli, Julai Njiro watu wanashinda na masweta. Februari ni habari nyingine. Mji uko kama digrii 3 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuelekea Machi jua la saa 6 linakaa karibu na utosi kabisa, kivuli chako mwenyewe unakikanyaga. Halafu uko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Kiupepo kinapita, mtu anajiona yuko poa, kumbe miale ya huku ni mikali kuliko ya Dar. Dar joto linakupigia hodi kabisa, unaloa shati kabla hujafika kituoni. Arusha jua linakumaliza kimya kimya.

Mdada alibeba chupa moja ya nusu lita, na humo humo akamgawia mwenzake. Alisema kichwa kinamuuma, akaambiwa aache kudeka. Akasema tena, wakacheka. Mara ya tatu hakusema, simu zilikuwa zinarekodi.

Mwili unajipoza kwa jasho, ila siyo jasho kutoka tu, ni lile kukauka juu ya ngozi. Ukiwa na wigi zito na nguo inayobana kila mahali, jasho linabaki humo humo na joto linabaki nalo. Kwanza kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inakaza. Hapo ukikaa kivulini na kunywa maji taratibu, mara nyingi unarudi sawa. Ila mtu akishaanza kuyumba na kuongea vitu visivyoeleweka, joto limeshafika kwenye ubongo. Hiyo inaua, na inaua hata vijana wenye afya zao.

Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliwafokea wote. Akamlaza mdada chini ya mgunga, akavua lile wigi, akalegeza nguo, akachukua kanga yake akailowesha kwa maji waliyobaki nayo, akamfunika shingo na makwapa, huku mwingine anampepea kwa boksi. Hakumlazimisha kunywa, maana mtu ambaye hajitambui ukimnywesha atapaliwa. Kutoka hapo ni hospitali, akalala na dripu.

Hiyo sehemu kwenye klipu haipo. Imekatwa. Na aliyeirusha ni yule yule aliyegawiwa maji.

Mdada ametoka kwenye grupu na hapandi tena. Inauma, maana yeye ndiye aliyewashawishi wengi wao waanze kutembea.

Kinachoshangaza, mji huu umejaa watu wanaoishi kwa mlima. Muulize mgumu yeyote anayebeba mizigo Meru. Siku ya kwanza, kutoka Momella mpaka Miriakamba kwenye mita 2,514, mwendo ni pole pole hata kama miguu ina nguvu. Kileleni, mita 4,562, wanaondoka usiku wa manane. Picha ya jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro ni tamu, lakini pia yale majivu ya volkano kuyapanda jua likiwaka ni adhabu. Hata mchungaji wa Kimasai saa 7 mchana utamkuta kivulini na ng'ombe wake, na hakuna anayemwita mvivu.

Kwa hiyo wale wa Februari: saa 12 ikipita mtu hajafika, mwacheni. Vaeni nguo pana za rangi nyepesi. Pama, siyo kapelo, maana kapelo inaacha shingo nje. Lita mbili kwa kichwa, kunywa kidogo kidogo, na karanga za chumvi au pakiti ya ORS, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi pia. Mtandio uliolowa shingoni ni bora kuliko kifeni cha kuchaji.

Na siyo lazima vilima vya huku chini. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, ndiyo maana Napuru, kule kwenye miteremko ya Meru, kunapitika hata mwezi huo. Njia inafuata bonde la mto, miti juu, na maji ya maporomoko ni ya baridi mpaka meno yanagongana. Viatu tu viwe vya kushika, yale mawe yanateleza.