Songea: Mji Wenye Jina la Mtu Aliyenyongwa

Mtu akitoka Njombe kwenda Songea hupita Lukumburu, penye kona nyingi hata abiria wengine hufumba macho, kisha hufika Madaba, na tangu hapo nchi hufunguka na mahindi huonekana huku na huku. Nilisafiri mwezi wa Juni, wakati wa baridi. Songea ni mji wa vilima, na karibu yake ipo milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma huanzia. Watu wake ni wakarimu, na ugali wao hushibisha mtu hata akasahau safari. Lakini leo sitaki kuandika habari za ugali.

Mji huu una jina la mtu. Songea Mbano alikuwa nduna, yaani jemadari, wa Wangoni. Kila siku makondakta hulipaza jina lake vituoni, na abiria huliandika katika tiketi, na ni wachache wanaokumbuka kwamba mwenye jina alikufa kwa kitanzi.

Makumbusho ya Majimaji yako mjini humo humo. Nje zimesimama sanamu za mashujaa, na karibu yake lipo kaburi moja kubwa. Humo walizikwa watu zaidi ya 60, walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, akiwamo Nkosi Mputa Gama, mtawala wao. Songea hakunyongwa siku ile. Wenyeji husimulia kwamba Wadachi, kama wazee walivyowaita, walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki peke yake baada ya wenzake. Basi naye akanyongwa siku chache baadaye, akazikwa kando. Yasemekana kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023, mwezi wa Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Songea, akawaomba msamaha watu wa ukoo, akaahidi kwamba fuvu litatafutwa.

Nilisimama mbele ya kaburi lile kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Mimi huandika ubatizo, ndoa na vifo katika madaftari. Nilikuwa nimesoma kwamba padre mmoja wa Kibenediktini aliwafikia wafungwa wale kabla ya kunyongwa, na baadhi yao wakabatizwa. Katika daftari langu, kati ya safu ya ubatizo na safu ya kifo kuna nafasi ya kuandika maisha yote ya mtu: kipaimara, ndoa, na mengineyo. Kwa watu wale nafasi hiyo yote ingebaki nyeupe.

Sasa tujiulize, kwa nini waliwanyonga wengi namna ile kwa mara moja, na mbele ya macho ya watu? Jibu si gumu. Walitaka walio hai waogope. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya adhabu ya kifo tangu zamani, kwamba anayetazama atajifunza. Walikuwa wamekwisha kuijaribu kabla. Kinjikitile Ngwale, aliyewagawia watu maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu kule Umatumbi. Kama kitanzi kingekuwa na nguvu ya kuzuia, basi vita vingekwisha siku ile. Badala yake viliwaka Liwale, Masasi, Mahenge na huku Ungoni, yote hayo kabla mwaka haujaisha. Kilichovimaliza ni njaa, maana askari walichoma vyakula na mashamba. Waliokufa hukadiriwa kuwa 75,000, na wengine husema hata 300,000.

Jioni nilimweleza mwenyeji wangu mawazo haya. Tulisoma naye chuo cha ualimu, naye ni mwalimu hata leo, mtu mpole sana. Alinisikiliza, akaweka kikombe chini, akasema, “Ndugu yangu, wale walikuwa wanapigania nchi. Mtu anayepigania nchi haogopi kamba. Usimlinganishe na yule aliyemkata baba yangu mdogo kwa panga kwa ajili ya mpaka wa shamba.” Sikuwa na neno la kumjibu papo hapo. Baba yake mdogo nilimfahamu. Alikuwa akitutembelea chuoni na kutuletea karanga.

Hoja yake ni ya haki, na lazima ijibiwe kwa haki. Tanzania ingali na adhabu ya kunyongwa katika sheria zake, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990, na mamia wamehukumiwa. Mwaka 1994 huko Dodoma, Jaji James Mwalusanya alisikiliza habari zote za jinsi mtu anavyonyongwa, akaamua kwamba adhabu hii inapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na yenye kudhalilisha, lakini ikasema kwamba Katiba inairuhusu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema kwamba si haki kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kwa kila mwuaji bila kupima mambo yake, na kwamba kunyonga kwenyewe ni kumdhalilisha mtu.

Jambo moja lanishangaza. Wadachi walinyonga hadharani, maana walitaka watu waogope. Serikali iliyoirithi kazi hiyo iliificha ndani ya kuta za gereza, alfajiri, mbele ya daktari na maofisa wachache. Kama kunyonga ni somo, mbona darasa limefungwa mlango? Hata Wamarekani wamehangaika kutafuta njia isiyochukiza: kiti cha umeme mwaka 1890, hewa ya sumu 1924, sindano 1982, na mwezi wa Januari 2024 jimbo la Alabama likamwua mtu kwa kumvutisha naitrojeni. Kila mara waliahidi kwamba njia mpya itakuwa ya upole zaidi. Mimi naona kwamba anayetafuta upole kwa bidii namna hiyo ameona jambo linalomsumbua.

Je, inazuia? Kanada iliifuta mwaka 1976, na mauaji hayakuongezeka. Katika miaka iliyofuata yalielekea kupungua. Mwaka 2012 wataalamu wa Baraza la Utafiti la Marekani walipitia uchunguzi wa zaidi ya miaka 30, wakasema kwamba hauwezi kutuambia lolote la kutegemewa, kama inazuia au haizuii. Kwetu, mwaka 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumwua kijana mwenye ualbino. Habari ilienea nchi nzima redioni, na wote tulidhani kwamba sasa wauaji watashika adabu. Mauaji yale hayakukoma mwaka ule, wala uliofuata.

Nilimwambia mwenyeji wangu hayo. “Hawakunyongwa,” akajibu. “Walihukumiwa tu. Mbwa abwekaye bila kuuma, nani amwogope?” Kweli, hapo nami nilikwama kidogo. Mtu anayepanga mauaji kwa ajili ya fedha, nadhani, huamini kwamba hatakamatwa, naye anayeua kwa hasira au kwa pombe hapimi kitu. Lakini siwezi kumwonyesha mtu yeyote ndani ya moyo wa mwuaji.

Nikamkumbusha kwamba hanyongwi mtu mpaka Rais atie sahihi, na kwamba mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani asipelekewe majina hayo, maana aliona uzito. “Basi kalamu wanipe mimi,” akasema. Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, akainua macho.

“Utawasahihisha wote wawili?” akauliza.

Waliohukumiwa kwa kifo cha baba yake mdogo ni wawili. Wa kwanza alikutwa na panga. Wa pili alitajwa na yule wa kwanza, akasema kwamba siku ile alikuwa msibani kijiji cha pili, na wapo wa kijiji kile waliosema walimwona.

Mwalimu alinyamaza. Akachukua kikombe chake, akakuta chai imepoa, akamwomba mkewe ampashie.